Bahasha ya Birgit Nilsson: uchambuzi wa urithi wa soprano mmoja

Kisa kwa ufupi

Birgit Nilsson, mwimbaji wa opera wa Uswidi, alifariki siku ya Krismasi mwaka 2005, nyumbani kwake Bjärlöv, kusini mwa Uswidi, akiwa na umri wa miaka 87. Ulimwengu wa muziki haukuambiwa. Habari zilitoka Januari 2006, mazishi yakiwa yamekwisha na mwenyewe ameshalazwa katika makaburi ya kanisa la Västra Karup, kijiji alikozaliwa. Kwa robo karne mwanamke huyu alikuwa hana mpinzani katika uimbaji wa opera za Wagner, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, na bado aliagwa kimya na watu wachache. Miaka mitatu baadaye ikaja habari nyingine: kulikuwa na bahasha. Ndani yake Nilsson alikuwa ameacha jina la msanii wa kwanza atakayepewa tuzo ya dola milioni 1 za Marekani, itokane na mali aliyoichuma kwa koo lake.

Nimeandika uchambuzi huu kwa ajili ya watu wanaoachiwa kazi za wasanii mikononi: watoto na wajukuu wa waimbaji, wasimamizi wa wakfu, walimu wa sauti. Nilsson ni mtu wa historia na mambo yake yako hadharani, kwa hiyo ametajwa kwa jina, pamoja na wasanii na taasisi zinazojulikana. Watu binafsi waliopita katika maisha yake, akiwemo mwalimu mmoja ambaye Nilsson alimlalamikia na watu waliomshughulikia hesabu zake, nimewaacha bila majina wala alama za kuwatambulisha.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Nilsson aliacha vitu vingi: rekodi, nyumba ya makumbusho, tuzo kubwa kuliko zote katika muziki wa klasiki, hata sura yake kwenye noti ya benki. Katika hivyo vyote, kile kilicho kidogo kwa fedha ndicho kinachofanya kazi ambayo yeye mwenyewe alifanyiwa alipokuwa hana kitu.

Usuli: sauti gani, na ilitoka wapi

Opera ni tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, na waimbaji hawatumii kipaza sauti. Ugumu wote umelala hapo. Okestra ya Wagner au ya mtunzi Richard Strauss inaweza kufika wapigaji mia moja, na ukumbi wa New York wa wakati ule ulichukua watu zaidi ya elfu tatu. Mwimbaji anasimama nyuma ya ukuta huo wa vinanda, tarumbeta na ngoma, akiwa na pumzi yake tu. Soprano wa kidramatiki ni mwanamke mwenye sauti ya juu ambayo ina uzito wa kutosha kuupenya ukuta ule, tena kwa saa nne au tano, bila kupasuka. Sauti ya namna hiyo haishindani na okestra kwa ukubwa wa kelele. Inakusanya nguvu yake katika masafa ya juu, ambako okestra ni nyepesi na sikio la mtu ni kali. Ndiyo maana waliomsikia Nilsson hawakusema tu kwamba alikuwa na sauti kubwa. Walisema sauti iliwafuata hadi viti vya nyuma kabisa, safi, imenyooka kama chuma.

Alizaliwa tarehe 17 Mei 1918 katika shamba la Svenstad, kwenye rasi ya Bjäre, jimbo la Skåne. Alikuwa mtoto pekee. Wazee wake walikuwa wakulima na baba alitarajia binti ndiye atakayelishika shamba. Kwenda mjini kusomea kuimba halikuwa jambo alilolifurahia. Mwalimu wa muziki wa eneo hilo, Ragnar Blennow, ndiye aliyemsikia na kumwandaa. Mwaka 1941 Nilsson alikwenda Stockholm kufanya usaili wa chuo cha kifalme cha muziki. Walikuwa waimbaji 47. Akashika nafasi ya kwanza, na pamoja na nafasi hiyo akapewa ufadhili wenye jina la Christina Nilsson.

Hapa msomaji asipite haraka. Christina Nilsson hakuwa ndugu yake. Alikuwa soprano wa Uswidi wa karne ya 19, naye mtoto wa familia maskini ya mashambani, aliyefika hadi kuimba usiku wa kwanza kabisa wa Metropolitan Opera ya New York, tarehe 22 Oktoba 1883. Alifariki mwaka 1921, Birgit akiwa na miaka mitatu. Miaka 20 baadaye jina lake na fedha zilizobeba jina hilo zikamfungulia mlango binti wa mkulima ambaye hakuwahi kumwona. Birgit Nilsson, kabla hajaacha urithi wowote, alikuwa amekula urithi wa mwingine.

Mambo yalivyofuatana

Chuoni hakukuwa raha. Kuhusu mmoja wa walimu wake, Nilsson alieleza baadaye kwamba mafunzo yake nusura yamharibie sauti, na kwamba mwalimu wake wa kweli alikuwa jukwaa. Mwaka 1946 alipanda jukwaa la opera ya kifalme ya Stockholm kwa mara ya kwanza kama Agathe katika opera ya Weber, akiwa amepewa siku tatu tu za kujiandaa kwa sababu mwimbaji aliyepangwa aliugua. Usiku ule haukumpa heshima aliyoitafuta. Mwaka uliofuata kondakta (kiongozi wa okestra) Fritz Busch akamkabidhi Lady Macbeth katika opera ya Verdi, na hapo Stockholm ikajua imepata nani.

Kisha ikaja miaka kumi ambayo waandishi wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa kisa. Nilsson alibaki Stockholm kama mwimbaji wa kuajiriwa, akiimba Verdi, Puccini, Mozart, Strauss na Wagner, kwa Kiswidi mara nyingi, mbele ya watu waliomfahamu. Nje alitoka kidogo kidogo: Glyndebourne, Uingereza, mwaka 1951; Vienna, na Bayreuth, mji wa Ujerumani wenye jumba la opera za Wagner, mwaka 1954; San Francisco mwaka 1956. Mwaka 1957 aliimba Bayreuth kama Isolde, mhusika mkuu wa kike wa opera ya Wagner ya Tristan na Isolde. Mwaka 1958 alifungua msimu wa La Scala ya Milano kama Turandot, binti mfalme ambaye haimbi hata neno moja katika sehemu ya kwanza, kisha katika ya pili anasimama na kuanza moja kwa moja na wimbo mgumu unaopanda hadi kileleni mwa sauti.

Tarehe 18 Desemba 1959 akaimba Isolde Metropolitan. Asubuhi yake habari ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times. Alikuwa na miaka 41.

Siku kumi baadaye, tarehe 28 Desemba, likatokea jambo ambalo linaonyesha kwa karibu sauti hii ilikuwa nini. Waimbaji watatu walioweza kuimba Tristan katika jumba lile, Karl Liebl, Ramón Vinay na Albert Da Costa, wote waliugua. Hakuna aliyeweza kuimaliza opera nzima. Mkurugenzi Rudolf Bing akawaomba kila mmoja aimbe sehemu moja, kwa kuwa opera ina sehemu tatu, kisha akatoka mbele ya pazia kuwaeleza watazamaji. Wanaume watatu wakapokezana. Isolde alikuwa mmoja, tangu meli ya sehemu ya kwanza, ambako yuko jukwaani karibu muda wote, hadi wimbo wa mwisho anaouimba juu ya maiti ya Tristan. Katika jumba lile Nilsson aliendelea kuimba hadi kufikisha maonyesho 223.

Miaka ya 1960 ikawa ya rekodi. Kampuni ya Decca, chini ya mtayarishaji John Culshaw na kondakta Georg Solti, ilikuwa ikirekodi Vienna mzunguko mzima wa opera nne za Wagner za Pete ya Mnibelungi, wa kwanza kukamilika studioni. Nilsson ndiye Brünnhilde wake, mhusika mkuu wa kike wa mzunguko huo, katika rekodi za mwaka 1962, 1964 na 1965. Bayreuth nako kondakta Karl Böhm alirekodiwa naye ukumbini, Tristan ya mwaka 1966 ikiwa maarufu zaidi.

Katikati ya miaka ya 1970 pakaingia mgogoro wa kodi na mamlaka ya Marekani. Hesabu za mapato yake ya huko zilikuwa hazijakaa sawa na deni likawa kubwa. Kuanzia mwaka 1975 hakukanyaga Marekani, hadi mpango wa kulipa ulipokubaliwa. Alirudi Novemba 1979 kwa tamasha Metropolitan, na mwaka 1980 aliimba Elektra ya Strauss hapo ikarekodiwa kwa televisheni. Aliacha kuimba hadharani mwaka 1984.

Maamuzi, na kwa nini aliyafanya

*Kusubiri.* Nilsson aliimba Elektra ya Strauss kwa mara ya kwanza mwaka 1965, akiwa na miaka 47. Sauti alikuwa nayo zamani, na majumba yalikuwa yakimtaka. Lakini Elektra anakaa jukwaani karibu muda wote wa opera, akipiga kelele za kisasi juu ya okestra kubwa kuliko nyingi zilizowahi kuandikwa, na mwimbaji anayeuwahi mzigo huo hulipa kwa miaka yake ya baadaye. Alisubiri hadi mwili na ufundi vilipokuwa vimeshikana. Ndiyo sababu aliweza kuimba tangu 1946 hadi 1984.

*Kukubali rekodi ambazo hakuziamini sawasawa.* Alilalamika mara nyingi kwamba sauti yake kwenye santuri siyo ile iliyosikika ukumbini. Hata hivyo alirekodi, na vizuri kwamba alirekodi, kwa sababu kwa walio wengi wetu ndiyo njia pekee tuliyonayo ya kumfikia.

*Kurudi kijijini.* Hata alipokuwa anaitwa na Vienna, Milano na New York, majira ya joto alirudi Bjäre na kuimba katika kanisa la Västra Karup. Ni kanisa la kijiji; watu waliokaa kwenye mabenchi walikuwa majirani wa wazazi wake. Tangu miaka ya 1970 jina lake likawekwa kwenye ufadhili wa kila mwaka kwa mwimbaji kijana wa Uswidi. Kumbukeni alivyoingia chuoni mwaka 1941. Simsemei yaliyokuwa moyoni mwake, lakini alichokifanya ni kulipa deni lilelile kwa njia ileile.

*Wakfu na bahasha.* Nilsson na mume wake, Bertil Niklasson, hawakupata watoto. Aliishi bila makuu na fedha zake zilitunzwa na kuzaa. Akaamua ziwekwe katika wakfu utakaotoa tuzo ya dola milioni 1 kila baada ya miaka kadhaa kwa mwimbaji, kondakta au taasisi ya muziki iliyofanya kazi ya kipekee. Akaweka utaratibu wa jopo la kuchagua. Chaguo la kwanza alilibakiza mkononi mwake: aliliacha katika bahasha iliyofungwa, isifunguliwe mpaka baada ya kifo chake.

Nadhani uamuzi huo wa mwisho una akili nyingi. Wakfu mpya hufa haraka katika mwaka wa kwanza, wasimamizi wakivutana kuhusu nani anastahili na mwanzilishi alimaanisha nini. Nilsson aliwaondolea ugomvi huo. Mwaka wa kwanza walikuwa na kazi moja tu: kufungua na kusoma.

Matokeo

Jina lililokuwa ndani lilikuwa la Plácido Domingo, aliyeimba naye. Lilitangazwa mwaka 2009 na tuzo ikatolewa Stockholm mbele ya Mfalme Carl XVI Gustaf. Baada yake jopo lilimchagua kondakta Riccardo Muti mwaka 2011, okestra ya Vienna Philharmonic mwaka 2014, soprano Nina Stemme mwaka 2018 na mpiga chelo Yo-Yo Ma mwaka 2022.

Oktoba 2016 benki kuu ya Uswidi ilitoa noti mpya ya kronor 500 yenye sura yake. Upande mmoja yupo Nilsson na picha inayokumbusha Valkyrie, wale wapiganaji wa kike wa opera za Wagner. Upande wa pili ni daraja la Öresund, alama ya jimbo lake la Skåne. Ni heshima kubwa, ingawa inasikitisha kidogo kwamba imekuja wakati Waswidi wengi wameacha kushika fedha taslimu.

Nyumba ya shamba ya Svenstad ni makumbusho. Mgeni anaona vyumba vya wakulima, kisha mavazi ya jukwaani palepale ambapo baba alitaka binti abaki na ng'ombe. Kila Agosti kanisani kunafanyika tamasha na kijana mmoja anapokea ufadhili. Mwaka 2018, miaka 100 tangu azaliwe, kampuni ya Sony ilitoa mkusanyiko wa diski 31 za maonyesho yake yaliyorekodiwa ukumbini.

Uchambuzi

*Sauti ambayo tepu haikuiweza*

Tuanze na lililoshindikana, maana ndilo linaloeleza mengine. Ukumbini msikilizaji hupokea sauti ya mwimbaji moja kwa moja, na pamoja nayo sauti ileile ikirudi kutoka kuta na dari. Sauti kama ya Nilsson ilikua kadiri ilivyosafiri. Kipaza sauti cha studio hakiko kiti cha nyuma. Kiko mbele, karibu. Anapoipiga noti ya juu, sindano ya mita inaruka kwenye nyekundu. Fundi wa wakati ule alikuwa na mambo mawili ya kufanya: amsogeze mwimbaji mbali, au ateremshe kiwango. Akifanya lolote kati ya hayo, ukubwa unapotea, na msikilizaji wa nyumbani anamsikia Nilsson sawa na soprano mwingine yeyote mwenye nusu ya sauti yake. Kinachobaki ni usahihi wa noti, wepesi wa kupanda, maneno yaliyokatwa vizuri. Kinachokosekana ndicho kilichowafanya watu wainuke kwenye viti.

Kwa hiyo nawashauri wanaomsikiliza kwa mara ya kwanza waanze na rekodi za ukumbini, za Bayreuth na za redio. Ubora wa sauti ni mdogo kuliko wa Decca, lakini vipaza sauti viko mbali, okestra iko katika shimo lake mbele ya jukwaa, na unasikia jinsi anavyoipita. Mkusanyiko wa mwaka 2018 ulirekebisha kosa la miaka mingi, la kumpima kwa studio peke yake.

*Gharama ya miaka minne*

Mgogoro wa kodi kwa kawaida hutajwa kama kituko. Kwa mtazamo wa urithi ulikuwa hasara kubwa. Metropolitan ilianza kurusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye televisheni Machi 1977, na Nilsson hakuwepo Marekani kati ya 1975 na 1979. Alipopigwa picha katika Elektra mwaka 1980 alikuwa na miaka 61. Ni rekodi ya kusisimua, mwanamke wa umri ule akitoa moto ule, lakini Isolde na Turandot wake wa Metropolitan hatutawaona kamwe katika picha za ubora huo. Tuna Tristan ya Orange, Ufaransa, ya mwaka 1973, akiwa na Jon Vickers, na kanda ya nyeusi na nyeupe ya ziara ya Bayreuth nchini Japani mwaka 1967. Ni kidogo mno kwa msanii wa kiwango chake.

Anayemshughulikia msanii aone hapa uzito wa kazi yake. Fomu iliyojazwa vibaya ofisini inaweza kuondoa muongo mzima katika kumbukumbu ya taifa. Mtu wa hesabu, wakili na mtunza nyaraka wanapaswa kuajiriwa msanii angali anaimba, kipato kikiwepo.

*Bahasha ilifaa, lakini ina upande wa pili*

Nimesema bahasha iliondoa ugomvi wa mwanzo. Pia iliipa tuzo sauti ya mwanzilishi mwenyewe. Mtu wa kwanza alichaguliwa na mwenye mali, na hakuna aliyeweza kudai kwamba wasimamizi walijipendelea. Lakini chaguo la marehemu haliwezi kujadiliwa naye. Mwaka 2019 wanawake kadhaa walimtuhumu Domingo kwa unyanyasaji wa kijinsia, tuhuma alizozipinga, na mwaka huohuo akajiondoa Metropolitan na kuacha uongozi wa Los Angeles Opera. Nilsson hakuweza kuulizwa na wasimamizi hawakuwa na la kubadili. Anayetaka kuiga njia hii ataje jina la kwanza, lakini awaachie wasimamizi maelezo ya maandishi: kwa nini huyu, na waangalie nini siku mambo yakibadilika.

*Milioni kwa waliokwisha kufika*

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu tuzo hii bila kipimo. Domingo, Muti, Vienna Philharmonic, Yo-Yo Ma: hakuna hata mmoja aliyehitaji dola milioni ili kazi yake iendelee. Faida ya kweli ilipatikana pale washindi walipozisogeza mbele. Domingo alizielekeza kwenye shindano lake la vijana, Operalia, ambako zilizaa zawadi yenye jina la Nilsson kwa waimbaji wa Wagner na Strauss. Vienna Philharmonic walizielekeza kwenye nyaraka zao za kihistoria. Njia hiyo inategemea moyo wa mshindi, na wakfu usiojenga lengo lake kwenye katiba yake unakuwa umebahatisha.

Kuna swali pia la mwelekeo. Kumpa Yo-Yo Ma ni kumheshimu mwanamuziki mkubwa, sina neno juu ya hilo. Lakini yeye ni mpiga chelo. Mtu asiyejua opera anayesikia tuzo ya Nilsson imekwenda huko haambiwi lolote kuhusu sauti iliyoizaa. Tuzo ya Stemme mwaka 2018 ilifanya kinyume: Mswidi, soprano wa kidramatiki, mwimbaji wa Isolde, Brünnhilde, Elektra na Turandot, majukumu yaleyale. Mwaka ule gazeti lililoandika habari ya tuzo lililazimika kueleza sauti hiyo ni nini na kwa nini ni adimu. Jina lilifanya kazi.

*Mafunzo yaliyobaki kichwani mwake*

Nilsson alifundisha vijana baada ya kustaafu, na waliokaa mbele yake husimulia ukali na ukarimu wake. Hakuacha kitabu cha mbinu. Vitabu vyake ni kumbukumbu za maisha. Mtu aliyeamini kwamba walimu karibu wamharibie na jukwaa likamponya ana haki ya kutoziamini kanuni za darasani, lakini matokeo ni kwamba ujuzi wa mwili wake, jinsi alivyoiweka sauti kichwani bila kuikaza koo, tunaujua kwa masimulizi ya vipande vipande. Kamera moja na maswali ya mwalimu mwenye ujuzi, kwa wiki chache za miaka yake ya 70, zingetosha kuacha hazina. Wenye wazee wa namna hii majumbani wasingoje.

*Kanisa la kijijini na pengo la katikati*

Ufadhili wa Västra Karup ni mdogo ukilinganisha na milioni. Unamfikia mtu mmoja kwa mwaka, katika kanisa ambalo watu wa opera wa New York hawajawahi kulisikia. Lakini unamkuta mwimbaji pale Christina Nilsson alipomkuta Birgit: mwanzoni, hana jina, fedha kidogo zinaamua kama ataendelea au atarudi nyumbani. Pia umefungwa na mahali. Kijana anayepokea anatembezwa shambani, anaona nyumba, anaimba mbele ya watu wa kijiji. Urithi unaingia mwilini mwa mtu, na kila mwaka yupo mwingine.

Bado kuna pengo ambalo ufadhili huo na tuzo kubwa vyote havilifikii. Sauti ya kidramatiki huchelewa kukomaa. Nilsson alimaliza chuo, kisha akapata miaka kumi ya mshahara Stockholm kabla ya dunia kumjua, na alifika Metropolitan akiwa na 41. Leo majumba mengi yamepunguza waimbaji wa kudumu na kuajiri kwa mkataba wa onyesho moja moja. Binti mwenye sauti ya namna hiyo anapewa ufadhili akiwa na miaka 25, na tuzo anaweza kuiota akiwa na 55. Kati ya hapo analipa kodi ya nyumba, na njia ya haraka ya kuilipa ni kukubali Elektra akiwa na 30. Sauti zinapotea hapo. Wakfu wa Nilsson una fedha, una jina na una mfano wa maisha ya mwanzilishi wake. Ungechukua dola milioni moja ya zamu moja tu na kuwalipia waimbaji wanne au watano mshahara wa miaka kadhaa katika majumba ya kati ya Uswidi, Ujerumani au Ufini, kwa sharti kwamba hawataimba Isolde wala Elektra katika muda huo, ungekuwa umenunua kile ambacho Stockholm ilimpa yeye kati ya 1946 na 1956.